Kinu Hakijui Fifi

Mwanafunzi aliandika kwamba pamba hupandwa mwezi Machi, masika yanapoanza. Kazi yenyewe ilikuwa kurasa 3 za Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, vichwa vidogo vimepangwa kama askari wa gwaride. Nilimwita baada ya kipindi. Ni kijana wa Itilima, na ada yake ya mwaka wa kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, ilitoka shambani kwenye pamba.

“Kwenu mnapanda lini?”

“Kuanzia Novemba, Mwalimu. Mvua ikichelewa, Desemba.”

“Umewahi kupanda Machi?”

Akacheka. “Machi tunapiga dawa, Mwalimu.”

“Sasa hii Machi imetoka wapi?”

“Ndivyo ilivyosema.”

“Nani?”

Akanyamaza, akaangalia simu yake iliyokuwa mezani kana kwamba ingemjibia.

Nafundisha stadi za mawasiliano katika chuo kimoja hapa Bariadi, na kazi yangu ya mshahara ni kusahihisha sarufi. Kilichonishughulisha siku ile hakikuwa Machi. Machi inafutwa kwa kalamu nyekundu na maisha yanaendelea. Kilichonishughulisha ni ile i- ya “ilivyosema”. Kiswahili hakikuruhusu kutaja kitendo mpaka kwanza uonyeshe aliyetenda ni wa ngeli gani. Mtu anasema, ng’ombe analia, redio inasema, mashine inanguruma. Ukitaja tu umekwisha kuamua, na uamuzi huo unakufuata hadi mwisho wa sentensi. Nikaanza kutega sikio kwenye korido. Wanafunzi wamegawanyika kambi mbili. Wapo wa “Chat kasema”, “muulize yeye”, “kanipa pointi tano”, kana kwamba ChatGPT ni mpangaji wa chumba cha pili. Na wapo wa “imesema”, “iulize”, “imetoa”.

Nilidhani wa kambi ya kwanza ndio waliopotea, kwa kuwa wameifanya mashine mtu. Baada ya wiki mbili nikaona nimekosea. Wale wanatania. Wamemfanya Chat kuwa mtu wa kijiweni, na kijiweni kila mtu anajua fulani ana fiksi nyingi, anasikilizwa kwa sikio moja. Wa kuangaliwa ni hawa wenye sarufi sahihi. “Ndivyo ilivyosema” ni sauti tunayoitumia kwa sheria na kwa maandiko matakatifu. Haina mtu ndani yake, kwa hiyo haina wa kubishana naye.

Ofisini kwetu lipo andiko lililotafsiriwa kutoka Kiingereza, linalotaka wanafunzi wafundishwe kutumia akili mnemba “kwa hukumu ya binadamu”. Nusu ya kwanza ya maneno hayo imebishaniwa nchi nzima. Nusu ya pili imepita kimyakimya, na nadhani ndiyo yenye shida.

Kwanza hiyo nusu yenye kelele. Majina matatu yanagombea kiti kimoja: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Bandia ni mtoto wa kuchezea, kisha ni kila kitu cha kuigiza: meno bandia, nywele bandia, noti bandia. Mkulima wa Meatu akisikia bandia anakumbuka chupa ya kiuadudu aliyonunua gulioni, akapulizia ekari mbili, na funza wa vitumba wakaendelea kula kama waliowekewa mboga. Kwake bandia ni wizi, basi. Neno hili linamweka mwanafunzi macho, na hiyo ni faida. Lakini meno bandia yanatafuna nyama, na mtu akishaona kwamba mashine inatafuna, onyo lote lililokuwa ndani ya jina linamwagika.

Mnemba, kwa aliyewahi kufika kaskazini mashariki ya Unguja, ni kisiwa kidogo mbele ya Matemwe, watalii wanakozamia kuangalia samaki. Huku kwetu, ambako maji makubwa ni ya Ziwa Victoria upande wa Busega na Lamadi, neno hilo halimkumbushi mtu chochote. Ni kibuyu kitupu. Ubaya wake ni huohuo wa kibuyu kitupu: anayekishika kwanza ndiye anayekijaza. Wauzaji wa simu wameshaanza kukijaza.

Unde ndiyo inayonifurahisha mimi, mtu wa vitenzi. Kiswahili kina mlango wa zamani wa kupata jina kutoka kwenye kitenzi kwa kukiishia na -e, na jina linalotoka humo ni la kilichotendwa. Mtume ni aliyetumwa. Kiumbe ni kilichoumbwa. Mteule ni aliyeteuliwa. Basi unde ni kilichoundwa. Na kuunda, kabla hatujaanza kuunda kamati na tume, ilikuwa kazi ya mafundi wa pwani: jahazi huundwa, ubao kwa ubao, pamba ikisindiliwa kwenye nyufa ili maji yasiingie. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri lilijitokeza mwaka 1955, katika ombi la fedha ambalo John McCarthy na wenzake waliliandika kwa ajili ya warsha ya mwaka uliofuata katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Na sehemu yake ya kwanza imetoka kwenye Kilatini cha ufundi na kutengeneza. Aliyesema unde alilisikia vizuri. Jina hilo linauliza swali zuri kila likitajwa: limeundwa na nani, kwa mbao za nani?

Lakini istilahi haishindi kwa uzuri. Kishikwambi kilichekwa sana kilipotokea; ilionekana ni utani wa watu wa kamusi. Ikaja Sensa ya Agosti 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, na baada ya sensa vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Neno likaingia kwenye daftari la mali za shule, likasainiwa. Leo mwalimu wa shule ya msingi kule Maswa anatamka kishikwambi bila kutabasamu. Ngamizi haikupata siku kama hiyo, na tarakilishi imepata makao Kenya. Huku kwetu kompyuta ilikwisha kufika na mizigo yake. Kwa hiyo sipigi kampeni. Naona mnemba inaongoza, na darasani natumia yoyote itakayonijia ulimini.

Turudi kwenye hukumu ya binadamu. Aliyetafsiri hakukosea kamusi. Hukumu, hakimu, mahakama na hekima ni ndugu wa tumbo moja. Kiarabu kilizizaa kwa mzizi mmoja wenye maana ya kutawala, kukata shauri na kujua. Zilipofika kwetu zikatawanyika. Hekima ilibaki na wazee kwenye viti vya chini, hukumu ikaondoka na pingu. Mwambie kijana wa Bariadi atumie hukumu yake, atasikia karandinga la kwenda Butimba. Nilijaribu kweli. Niliandika ubaoni “Tumia hukumu yako”, na sauti ya nyuma ikauliza, “Miaka mingapi, Mwalimu?”

Nikajaribu busara. Asili yake ni nzuri mno: imetoka kwenye neno la Kiarabu la kuona, kwa hiyo mwenye busara ni mwenye macho. Bahati mbaya katika ofisi zetu busara imegeuka jina la adabu la kunyamaza. Ukiambiwa “tumia busara” mara nyingi unaombwa usiulize, usiandike barua, subiri. Mtu anayekaa mbele ya mashine iliyomwambia apande pamba Machi hahitaji busara ya namna hiyo. Anahitaji ukorofi kidogo.

Uamuzi una mwili. Kuamua, asili yake, ni kuingia katikati ya wanaopigana na kuwatenganisha, ndiyo maana mwenye filimbi uwanjani ni mwamuzi. Nalipenda neno hili kwa jasho lake. Kikwazo ni kwamba linahitaji ugomvi, na mwanafunzi na mashine yake hawagombani. Wanakubaliana kila kitu, usiku wa manane, kwa bando la bei poa. Tathmini nimeiacha, ni neno la fomu, lina visanduku vya kuweka vema.

Wanafunzi wenyewe wana kamusi yao, na ingefaa watunga istilahi waipitie kabla ya kufungua nyingine. Kukariri, kumeza, kubukua, kudesa. Desa ni zile karatasi zinazorithiwa, majibu ya mwaka juzi yaliyopigwa fotokopi mpaka herufi zimekuwa vivuli. Kudesa ni kuishi kwa jasho la mwenzako. Hakuna aliyewafundisha waiite nini kazi ya kuomba insha kutoka kwenye simu. Wameiita kudesa kwa Chat. Wameiweka kwenye kabati lilelile, na kwa kweli wameiweka mahali pake: mashine nayo imesoma maandishi ya watu wengi ambao haikuwauliza. Ni desa la madesa.

Kuna jambo jingine walilolisema kabla ya wataalamu. Mashine inapotunga kitabu kisichokuwepo au tarehe ya uongo, nimeona watu wakipendekeza maruweruwe, wengine kuweweseka. Ni maneno matamu, hasa kuweweseka, ambako mtu mwenye homa anaongea usingizini na mama anamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Lakini mashine haina homa. Inapokosea inafanya kilekile inachokifanya inapopatia: inatazama maneno yaliyotangulia, inapima ni neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata, inaliweka, inaendelea. Nililieleza hili kwa dakika ishirini, na michoro. Kijana mmoja ambaye Jumamosi zote huwa na mkeka mfukoni akanisaidia kwa sentensi moja: “Kumbe inabeti, Mwalimu.” Ndiyo, inabeti, neno kwa neno, na tofauti yake na yeye ni kwamba yenyewe haina hela ya kula iliyobaki mezani.

Kulikuwa na neno jingine ningeweza kulitumia, nikasita. Kubashiri kwa namna ile, huku kwetu, ni kupiga ramli. Kanda hii inajua bei ya kuamini jibu ambalo aliyelitoa hakuulizwa amejuaje. Bibi zetu, ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, waliuawa kwa sababu ya ramli, na serikali imepiga vita ramli chonganishi kwa miaka mingi. Neno lenye makaburi nyuma yake sikutaka kulifanyia mzaha darasani. Ila naliweka hapa, kwa wasomaji watu wazima.

Neno nililolihitaji badala ya hukumu lilikuwa kwenye lori. Nilisimama kando ya barabara ya kwenda Maswa, msimu wa kuuza umeanza, lori la marobota likapita na kuacha nyuzi zimenasa kwenye miiba ya migunga. Mzee niliyesimama naye akasema, “Hiyo inatoka kuchambuliwa.” Nikarudi chuoni nikiona haya. Kila muhula nafundisha mada inayoitwa uchambuzi: uchambuzi wa hotuba, uchambuzi wa matini, uchambuzi wa takwimu. Nimelitamka neno hilo mara elfu katika mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, na sikuwahi kulisikia.

Kamusi za zamani ziko wazi. Kuchambua ni kazi ya vidole: kutoa mbegu kwenye pamba, kutenga karafuu na vikonyo vyake, kuondoa majani mabovu kwenye mboga kabla hazijaingia chunguni. Baadaye sana ndipo wasomi walipolichukua wakalivisha suti. Redioni leo mchambuzi wa soka hachambui chochote kwa vidole. Lakini Simiyu neno halijavuliwa nguo zake za kazi. Kinu cha pamba ni kinu cha kuchambulia, na mama anayekaa chini ya mwembe na gunia mbele yake anachambua.

Angalia, hizo ni kazi mbili zenye jina moja, na nilichelewa kuona tofauti. Pamba inapochumwa ina mbegu ndani yake. Wenye taaluma huiita pamba mbegu. Kinu kinaipokea, kinavuta nyuzi upande huu na kuangusha mbegu upande ule. Nyuzi, theluthi hivi ya uzito wote, zinafungwa marobota. Mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta, na mashudu wanakula ng’ombe. Kinafanya kazi hiyo kwa kasi ambayo vidole vya kijiji kizima havingeifikia. Huko ni kuchambua kwa kwanza. Kuchambua kwa pili kunatangulia, nako ni kutenga safi na fifi. Pamba safi, daraja A, ni ile iliyofunguka vizuri, nyeupe, haina uchafu. Pamba fifi, daraja B, ni iliyodumaa, iliyoingia manjano, iliyoshambuliwa na wadudu. Fifi, lisikilize neno lenyewe, limetoka nyumba moja na kufifia. Mkulima anayejua kazi anakwenda shambani na mifuko miwili, na jioni anarudia tena kwa mkono. Kinu hakijui fifi. Ukikilisha fifi kitaichambua vizuri tu, nyuzi zitatoka, zitafungwa robota moja na zile nyingine, na robota litakuwa na sura ya robota.

Kwa hiyo niliagiza kiroba kimoja cha pamba kutoka kwa mama wa mwanafunzi wangu mmoja, nikamlipa bei ya msimu, nikakimwaga kwenye meza nne zilizotandikwa magazeti. Hakuna aliyeelewa somo ni la nini. Binti wa Maswa alianza kazi bila kuangalia, akiongea na jirani yake habari nyingine kabisa huku vidole vinakwenda. Nikamuuliza anajuaje.

“Hii imekaza katikati, Mwalimu. Ukiivuta haivutiki.”

Kijana wa Dar es Salaam, meza ya pili, aliona mchezo umekuwa mwepesi. Kila kilicho cheupe alikitupa upande wa safi. Binti akanyoosha mkono akatoa tonge moja kwenye rundo la mwenzake, akalifungua kwa kucha. Nje lilikuwa jeupe kama la tangazo. Ndani palikuwa na njia nyembamba ya rangi ya kahawia, unga wa kinyesi cha funza, na mbegu moja iliyotobolewa.

“Nyeupe siyo safi, kaka yangu,” akasema. “Fungua kwanza.”

Sikuongeza neno. Kipindi cha pili nilileta karatasi. Nilikuwa nimeiuliza mashine, kwa Kiingereza kama wanavyouliza wao, namna ya kulima pamba mkoani Simiyu; nikachapa jibu, nikalikata kwa mkasi sentensi moja moja, nikalimwaga vilevile juu ya magazeti. Safi huku, fifi kule, na hakuna kipande kitakachowekwa mpaka mtu aseme kwa mdomo amejuaje.

Dakika kumi za kwanza hazikwenda popote, na sababu ilikuwa lugha. Vyuoni tunafundisha kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mashine kinateleza mkononi kama sabuni. Unakishika, unasikia kizuri, hujui umeshika nini. Nikawaambia watafsiri kwanza, Kiswahili au Kisukuma, vyovyote. Hapo ndipo pamba ilipoanza kufunguka. Sentensi moja ndefu, yenye mikono na miguu, ilipovuliwa ikabaki na maneno matatu: panda kwa wakati. Nyingine ikabaki na: pamba ina faida. “Hii tunaiweka wapi?” wakauliza. Haikuwa uongo. Haikuwa na doa. Kijana wa Itilima, yule wa Machi, akaishika juu kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti, akasema, “Hii ni makapi.” Likaanzishwa rundo la tatu, nalo mwisho wa kipindi ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Pamba haina makapi. Makapi ni ya mtama na mpunga. Sikumsahihisha.

Najua nitaulizwa, na nimeshaulizwa na mwenzangu wa idara ya kompyuta: kwani haiwezi kuundwa mashine yenye jicho, ikatenga fifi yenyewe? Inawezekana. Nayo itafunzwa na nani? Itapigiwa picha maelfu ya pamba ambazo mama fulani alikwisha kuzitenga kwa mkono, hii safi, hii fifi, mpaka ipate ruwaza. (Kufunza na funza: lugha hii nayo ina utani wake.) Halafu siku fifi itakapokutwa ndani ya gunia la safi pale kwenye chama cha msingi, karani wa mizani hatakiuliza kinu. Atamuuliza mwenye gunia. Yeye ndiye atakayekatwa, na jina lake ndilo litakalosemwa.

Mizani yenyewe ina historia huku. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipoona kwamba mizani za wanunuzi zinawapunja, hawakusema ndivyo zilivyosema. Walianza kujipanga wapime upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wao, na mwaka 1955 muungano wa vyama vyao, ule uliojulikana kama Victoria Federation, ukasimama. Mwaka wa 2012, Simiyu ilipokatwa kutoka Shinyanga na Mwanza ikawa mkoa, wajukuu wa wakulima hao walikuwa bado wanabishana na mizani. Sasa zimeingia za kidijitali, zenye namba nyekundu, na mzee akipeleka gunia bado anakuwa amelipima nyumbani kwanza, hata kama ni kwa kulinyanyua tu.

Wasukuma wana jina la mtu anayeuliza namna hiyo. Masala ni akili. Kulanga ni kufundisha. Masala Kulangwa, akili iliyofundishwa, ndiye mtoto wa kwenye hadithi ya Shing’weng’we, lile zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote ya dunia. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye makapi. Mtoto akakua, akatoka na upinde kulitafuta zimwi. Akaleta panzi: mama, ndilo hili? Siyo, mwanangu. Akaleta ndege: ndilo hili? Siyo. Anaua, analeta, anauliza, anatumwa tena, mpaka siku alipolipata lenyewe, akalipasua tumbo, watu wakatoka. Kwa namna nilivyosimuliwa mimi, katika kupasua kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani. Bibi hakushukuru kuokolewa. Alidai sikio lake. Na Masala Kulangwa, shujaa wa dunia nzima, ikabidi akahangaike kutafuta dawa mpaka likapona.

Kila ninapofika kwenye sikio, darasa hucheka. Nawaacha wacheke. Akili iliyofundishwa: jina lingewafaa watu wa istilahi, na lilikuwepo hapa kabla ya Dartmouth. Ila wao wanaunda kitu kinachomeza maandishi yote ya dunia, na mimi naona wamekipa jina la mtoto kile kilichostahili jina la zimwi. Hilo ni la kwangu, sijaliandika ubaoni.

Tangu hapo nimebadilisha maelekezo ya kazi. Sisemi tena “msitumie”, wala sisemi “tumieni kwa hukumu”. Nasema: leteni marundo matatu. Mwanafunzi anayetumia mashine aniletee jibu lake limekatwa, safi, fifi na makapi, na nyuma ya kila kipande ameandika amejuaje. Wengine hutunga; mtu akizoea kudesa atadesa hata marundo. Lakini wapo walioandika nyuma ya karatasi “nimepiga simu kwa shangazi”, “nimeona mwenyewe”, “bwana shamba wa kata yetu”, na mmoja aliandika “mkono”, basi. Kompyuta za chuo hazijawahi kupokea marejeo ya namna hiyo. Nimeyapa alama.

Wiki iliyopita binti wa Maswa alibaki darasani wenzake wameondoka. Alikuwa amemaliza marundo yake yote, na mkononi amebakiwa na kipande kimoja. Kilisema masalia ya pamba yaachwe shambani yaoze, yarudishe rutuba.

“Kwetu tunang’oa na kuchoma,” akasema. “Ndiyo sheria, tusipochoma wadudu wanavuka msimu. Kwa hiyo ni fifi.”

“Basi weka.”

“Lakini Mwalimu wa udongo naye alisema tukichoma kila kitu tunaua ardhi.” Akakigeuza. Nyuma palikuwa patupu. “Hii bado.”

Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa sketi. Jumamosi alikuwa na safari ya nyumbani, mama yake anamalizia kuchuma.